Dhahabu Chini ya Misumari

Alhamisi iliyopita mliniacha nimesimama uani kwa mama mkwe wangu, begi langu limeshawekwa langoni, na wifi yangu Tsonka ananionyesha barabara kwa kidole. Sikuondoka. Na kwa wale ambao gazeti liliwapita, nawarudishia kwa kifupi tu, maana mengine hata kuyataja yananitia kichefuchefu.

Mama mkwe wangu, Mama Stoyna, alizika uani, ndani ya chungu, mkufu wa sarafu za dhahabu, ule ambao kwetu bibi humvisha mjukuu wake siku ya harusi. Aliuzika zamani, mwaka ule benki zilipofilisika na watu wazima wakalia barabarani. Jumapili hii anaolewa Ralitsa, binti wa Tsonka. Bibi akasema, "Chimbeni chini ya mplamu." Wakachimba. Hamna kitu.

Nyumba hii tunaishi wawili, mimi na yeye. Basi hesabu yao ikawa nyepesi, mwizi ni mimi. Mkufu usipoonekana natoka na begi langu, na jina la mwizi litanifuata mpaka watakaponifukia.

Mume wangu? Ognyan yuko Uhispania anachuma stroberi, mwaka wa tatu huu. Mara ya mwisho alipopiga simu alisema pete yake ya ndoa imemdondoka shambani. "Ningekuwa na mashine yangu ningeipata," akacheka. Tangu siku hiyo kimya. Mama yake anasema mimi ndiye niliyemfukuza, kwa ulimi wangu.

Sasa tuendelee.

Nilikuwa nimeshafika langoni, mkono uko kwenye begi, Kalcho alipotoka nyuma ya banda. Kalcho ni mume wa Tsonka. Begani amening'iniza mashine ya kutafutia vyuma, na mashine yenyewe ni ya Ognyan. Aliichukua bila kuniomba.

"Nimeupita ua mzima," akatangaza. "Kutoka kisimani mpaka bandani. Kimya! Dhahabu haipo. Imeshaliwa."

Akanitazama tumboni, kama vile niliimeza.

Nikarudi. "Umeiwekaje hiyo mashine, shemeji?"

"Nimeiwekaje nini?"

"Umeiwekea nini? Kina au nini?"

"Kina cha mwisho! Inasikia mpaka kuzimu. Babu yako angezikwa na jino la dhahabu, ningekuwa nimeshaling'oa."

Gena, jirani yetu, alikuwa ameegemea uzio anatafuna mbegu za alizeti. Akacheka mpaka maganda yakamrukia kidevuni. Gena hana televisheni, ana sisi.

"Na chuma?" nikauliza.

"Nimekizima. Nimeiambia mashine, chuma usiniletee. Ikikuta chuma inanyamaza. Unadhani mimi mjinga?"

"Ndiyo," nikamjibu. Sikuwa na cha kupoteza.

Nieleze kidogo hapa. Baba mkwe wangu, aliyekufa kabla sijaolewa, alikuwa mhunzi. Farasi na punda wa vijiji vitatu walivalishwa viatu katika ua huu. Kila msumari uliopinda aliutupa pale aliposimama, maisha yake yote. Ukichota udongo wetu kwa kikombe unapata misumari miwili, mitatu.

Na mimi nilimfuata Ognyan miaka mingi na beleshi, mashamba yakishavunwa alizeti, yeye mbele na mashine, mimi nyuma nachimba kama mtumwa. Aliniambia mashine ina sikio. Ukiipa sikio la taratibu, inasikiliza kwa muda mrefu na inafika chini sana. Lakini vitu viwili vikilala karibu, inavisikia kama kitu kimoja. Msumari na dhahabu vikilala kitanda kimoja, anayejibu ni msumari. Na kama umeshaiambia chuma usiniletee, basi na dhahabu inakwenda na maji.

Ukiipa sikio la haraka, inasikia hiki, inakiacha, inasikia kile. Inatenganisha. Ila haifiki mbali.

Lingine aliloniambia ni hili. Ognyan hakutoa kitu ardhini bila kuacha kitu. Akitoa shaba, anaacha shaba. Akitoa fedha, anaacha fedha. "Usipolipa, Vasilka, inakufuata nyumbani na kuondoka na mtu wa damu yako." Mwanamume mzima, na kwa hilo hakuwa na utani.

"Shemeji," nikasema, "kina ni cha shamba tupu. Hapa umeiziba mashine masikio halafu unailaumu haisikii."

"Kwa hiyo?"

"Tutoe udongo wa juu, beleshi moja kwenda chini, kuanzia mplamu mpaka bandani. Kina tutakipata kwa mikono. Halafu naipa mashine sikio la haraka, nairuhusu kusikia chuma, nafunga mbele yake ile sahani ndogo inayonusa udongo."

Tsonka akapiga yowe. "Hema la harusi linasimama hapo! Wageni wangu wakae kwenye matope?"

"Wakae kwenye matope, au mwanao aolewe shingo tupu. Chagua."

Alinijia mbio. Nilidhani atanizaba kibao, na kusema kweli nilikitamani, ili na mimi nipate sababu. Kalcho akamshika.

"Mwache, mfa maji haachi kutapatapa," akasema.

Mama Stoyna alikuwa ameketi barazani kwenye kigoda, kitambaa cheusi kichwani, anamenya pilipili hoho zilizochomwa. Beseni lake lilikuwa limejaa. Hakuinua macho.

"Mwacheni achimbe," akasema. "Nikimaliza kumenya hizi, kama hajapata, mtoeni. Akichoka mwenyewe atasema alikouza."

"Asante, mama," nikasema.

"Usiniite mama. Mwanangu niliyemzaa yuko ugenini kwa sababu yako."

Nikashika beleshi.

Hakunisaidia mtu. Kalcho alivuta kiti, akajimiminia rakia, pombe kali ya plamu, akawa ananisimamia kama bwana shamba. Tsonka alisimama mikono kiunoni anahesabia hasara kila bonge la udongo. Gena alikwenda kuongeza mbegu, akarudi mbio asije akapitwa.

"Chimba, chimba," Kalcho akasema. "Ukimaliza utatulimia na viazi."

"Nitakuzika wewe humo kwanza."

"Mmesikia? Anatishia kuua!"

Nilipomaliza kuukwangua ua, mgongo haukuwa wangu tena. Nikaichukua mashine. Nikairekebisha kama nilivyofundishwa, nikavaa zile spika za masikioni, nikainamisha sahani karibu na udongo, nikaanza kuipeleka huku na huku kwa hatua fupi.

Ilikuwa vita. Misumari ilikoroma kila mahali. Kroo, kroo, kroo. Nilichimba mara kadhaa nikatoa bawaba, kipande cha hatamu, kisigino cha kiatu cha punda. Kila nilipoinama Kalcho aliniuliza kama nimepata taji la mfalme.

Nikageuka kutazama beseni. Pilipili zilikuwa zimebaki nusu.

Ndipo nikaacha kutafuta nikafikiri. Mwanamke aliyeolewa na mhunzi anazika dhahabu. Anaiacha hivi hivi?

Nikaiweka mashine chini, nikaenda mpaka barazani.

"Mama, juu ya chungu uliweka nini?"

Kisu kikasimama.

"Uliweka chuma," nikasema. "Kipande kikubwa. Ndiyo maana Kalcho amepita juu yake na mashine yake bubu asijue."

"Nani bubu?" Kalcho akadakia.

"Mama, uliweka nini?"

"Kufuli ya mali haitajwi," akasema kwa meno. "Ukiitaja kwa mdomo, mali inageuka mkaa. Hata mtoto anajua hilo."

"Yaani mimi nilale barabarani kwa sababu ya kufuli?"

"Lala. Barabara ni pana."

Nilitamani kulipindua lile beseni. Nasema ukweli wangu, siku ile kama chuki ingekuwa kuni, ningewasha tanuri la baba mkwe likachoma nyumba nzima.

Safari hii aliyeniokoa ni Tsonka, ingawa hakukusudia. "Mama! Sasa umetuacha tunachimba chini ya mplamu kama fuko, na kumbe kuna kufuli? Mwanangu anaolewa Jumapili!"

"Sisemi."

"Basi usiseme! Onyesha!"

Yule bibi akatufikiria mmoja mmoja. Kisha akaweka kisu pajani, akainua mkono wake uliojaa maji ya pilipili, akakunja kidole gumba na cha shahada vikawa kama mwezi mchanga. Halafu akaugeuza mkono polepole mpaka ule uwazi ukatazama mlango wa nyumba.

"Kiatu cha farasi," nikasema mimi. "Mdomo wake unatazama nyumba, dhahabu ikitembea irudi ndani."

Mama Stoyna akatema mate pembeni mara tatu, tfu, tfu, tfu. "Umesema wewe, sikusema mimi."

Nikarudi uani. Sasa nilijua ninachotafuta. Nilikuwa natafuta mkoromo mkubwa wa chuma wenye kitu kingine pembeni yake. Niliiacha mingine yote midogo ikorome peke yake.

Sikuupata chini ya mplamu. Bibi alikuwa amesahau, au mti ulikuwa umemdanganya kwa kukua. Niliupata kando kidogo, upande wa bandani. Groo! Mkoromo mpana, mzito. Nikaipunguzia mashine nguvu ili isipigiwe kelele na chuma, nikapitisha ncha ya sahani ukingoni.

Ti.

Nikazunguka upande wa pili, nikapitisha tena. Groo. Ti. Mlio mwembamba, msafi. Huo haukuwa msumari.

Mtasema nilifurahi. Sikufurahi. Ule ulikuwa mlio wa kitu kidogo, kimoja. Mkufu mzima wa dhahabu, sarafu zimepangana shingo mpaka kifuani, ungepiga kelele mpaka nikavua spika. Nilisimama pale na mlio wangu masikioni, peke yangu, maana hakuna mwingine aliyeusikia, na nikawaza kuupita nikanyamaza.

"Mbona umesimama?" Kalcho akauliza. "Umeishiwa maigizo?"

Nikatazama beseni. Zilibaki pilipili chache sana.

Nikachimba.

Beleshi liligonga chuma na wote wakasikia. Kalcho aliangusha glasi. Tsonka alipiga magoti kwenye matope aliyokuwa akiyalilia. Kiatu cha farasi kilikuwa pale, kimelala kimya, kikubwa, kimekula kutu.

"Kimetazama wapi?" Mama Stoyna aliita kutoka barazani.

Kalcho alikuwa ameshakinyakua na kukirusha pembeni. Lakini mimi nilikiona kabla hajakigusa.

"Kimetazama wapi, nimeuliza!"

"Lango," nikasema. "Mdomo ulitazama lango."

Bibi akairudia pilipili yake ya mwisho, taratibu.

Kalcho akaingiza mikono, akatoa chungu cha udongo, mdomo wake umefungwa kwa kitambaa kilichooza. Akakipasua kitambaa, akakipindua chungu juu ya gunia. Ukaanguka mchanga. Akakitikisa. Mchanga zaidi. Akakipiga tako kama mtoto mchanga, na bonge la mwisho likadondoka likavunjika vipande.

Kitupu.

Nilidhani hapo watanionea huruma. Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni.

"Za mwizi arobaini!" Kalcho akaruka juu. "Mmeona wenyewe? Mimi nimetafuta sikupata. Yeye amekwenda moja kwa moja! Nani anajua kaburi kama aliyezika?"

"Nimefuata mlio!"

"Mlio gani? Tulisikia sisi? Gena, ulisikia mlio?"

"Mimi nimesikia beleshi tu," Gena akasema, na hapo alisema kweli.

"Kumbe uliukuta zamani," Tsonka akanong'ona, na mnong'ono wake ulikuwa mbaya kuliko yowe. "Ukautoa. Ukarudisha chungu. Leo umekuja kutuchezea ngoma kwenye ua wetu wenyewe."

Ndivyo kazi yangu ilivyonigeuka. Kama nisingejua kitu, ningetoka mshukiwa. Kwa kuwa najua, sasa ni mwizi mwenye ushahidi.

Lakini mlio wangu ulikuwa bado haujapata mwenyewe. Wakati wanashindana kuninyooshea vidole, nikapitisha sahani juu ya gunia. Ti. Nikainama, nikashika kipande cha lile bonge, nikakisagia kiganjani.

Nilikihisi kabla sijakiona. Duara, laini, na upande mmoja alama ya kukatwa, pale jiwe la kunolea lilipoikwangua siku moja bandani tulipokuwa na mwaka mmoja wa ndoa. Nilimfunga Ognyan kidole mimi mwenyewe siku ile.

Yangu iko kidoleni mpaka leo. Hii ilikuwa yake.

Haikudondoka Uhispania.

Nikaukumbuka ule msimu wa baridi wa mwisho. Ognyan alishinda siku nzima uani anakwangua udongo wa juu, anasema anasawazisha tupande vitunguu. Nikampelekea supu ya maharage palepale aliposimama, nikamsifu kwa bidii. Alipopanda basi alikuwa amevaa glavu. Nilidhani ni baridi.

Alitoa dhahabu, akaacha dhahabu. Alimwogopa shetani wa ardhini kuliko alivyoniogopa mimi, akamlipa kwa ndoa yangu. Na mimi miaka yote hii nawaambia majirani atarudi, Krismasi hii atarudi, Pasaka hii atarudi. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nguo yenyewe nilikuwa naifua na kuipiga pasi. Nilimchukia pale pale, kwa moyo wote, na wakati huohuo nilitaka kulia kwa ajili yake. Nikafunga ngumi.

"Ameshika kitu!" Gena akapiga kelele kutoka uzioni. "Mkononi! Mkono wa kulia!"

Wakageuka wote.

"Fungua," Kalcho akasema.

"Sina kitu."

"Fungua mkono, mwizi wewe!" Tsonka akanidaka kifundo cha mkono, kucha zikaingia. Kalcho akaanza kunivunja kidole gumba.

"Mwacheni!"

Ilikuwa sauti ya Mama Stoyna. Alikuwa ameshuka barazani bila fimbo. Nyuma yake, pilipili zote zilikuwa zimekwisha kumenywa. Wakanipisha, maana walijua yeye ndiye mwenye haki ya kuifungua ile ngumi.

"Mwizi wa kwetu haondoki bila kulipa," akasema kwa sauti. "Aliyechukua wangu ameacha wake. Na nione."

Akaifunika ngumi yangu kwa mikono yake miwili, bado inanuka pilipili na moshi. Mtu angedhani ananifungua. Alikuwa ananibana. Akanisogelea mpaka kitambaa chake kikanigusa shavu.

"Ni pete?" akanong'ona.

Macho yangu yalimjibu.

Akazidi kuibana ngumi yangu. Alijua. Nadhani alijua tangu niliposema lango, maana aliyetoka kwa lango hilo akaenda mbali ni mmoja tu.

"Usifungue, mwanangu," akasema sikioni. "Nakuomba. Usifungue."

Tangu nilipoingia nyumba ile kama bibi arusi hakuwahi kuniita mwanangu.

Kisha akaniachia, akajifuta mikono kwenye aproni, akawageukia wenzake, uso umerudi kuwa jiwe.

"Mwacheni na takataka zake," akasema, na Gena alisikia vizuri kabisa. "Ni yeye. Mpeni begi lake."

Tsonka akakimbia langoni kulichukua.

Nikaunyoosha mkono mbele yao wote, nikafungua kidole cha kwanza.